Jua tunalo, mtihani ni maji: mwongozo kamili wa sayanotaipu kwa mwanafunzi wa upigaji picha

Picha yangu ya kwanza ya sayanotaipu, yaani picha ya bluu inayochapwa kwa dawa, jua na maji, niliiua mwenyewe kwa kuiloweka. Nilikuwa nimelaza jani la mpapai juu ya karatasi, nikaianika uani kwenye jua la saa sita, kisha nikaitumbukiza kwenye beseni. Bluu ikajitokeza pale pale, kali, jani likiwa jeupe katikati na kila mshipa wake ukionekana. Nikaiacha humo ili ioshwe vizuri, nikaenda kula. Niliporudi baada ya saa moja na ushee, bluu ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni karatasi ya rangi ya chai ya maziwa na kivuli cha jani ambacho hukioni mpaka uambiwe kipo. Mama mwenye nyumba alikuwa anapita na ndoo. "Mwanangu," akaniuliza, "siku hizi unafua karatasi?"

Nikalilaumu jua. Nikaulaumu mzani. Nikabadili vipimo vya dawa mara tatu, kila mara nikipata bluu inayokuja na kuondoka. Kumbe dawa ilikuwa nzima. Kilichoniangusha ni maji ya kisima tunayotumia hapa Kigamboni, maji ambayo hata sabuni haitoi povu. Siku mvua ya vuli iliponyesha nikakinga ndoo mbili, nikarudia picha ile ile kwa vipimo vile vile, na bluu ikakaa. Bado iko ukutani.

Ndiyo maana mwongozo huu una maneno mengi kuhusu maji na karatasi kuliko kuhusu jua. Mafunzo mengi yameandikwa na watu wanaolitafuta jua kwa tochi, kwa hiyo wanakueleza sana habari za taa na dakika. Sisi jua tunalo la kumwaga. Yanayotusumbua ni mengine.

Kinachotokea kwenye karatasi

Njia hii ni ya mwaka 1842, kazi ya mwanasayansi Mwingereza John Herschel. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mwanamke aliyependa mimea, alianza kuitumia kuchapa mwani wa pwani za Uingereza: analaza mwani halisi juu ya karatasi, anauanika, anaosha. Vitabu vyake huhesabiwa kuwa vya kwanza kuwa na picha za namna hii badala ya michoro. Baadaye wahandisi wakaichukua kunakili michoro ya majengo, na ndipo zikaja zile ramani za bluu zenye mistari myeupe.

Hakuna madini ya fedha ndani yake kama ilivyo kwenye filamu. Kuna chuma. Unachanganya dawa mbili, feri amonia sitrati na potasiamu ferisianidi. Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikiipiga ile ya kwanza, chuma kilichomo hubadilika hali, na chuma hicho kilichobadilika hushikana na ile ya pili na kutengeneza rangi inayoitwa bluu ya Prussia. Rangi hii haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hubaki ndani ya nyuzi za karatasi. Pale ambapo jani au negativu (picha iliyogeuzwa, nyeupe ikawa nyeusi) ilizuia jua, dawa inabaki kama ilivyokuwa na maji yanaiondoa. Basi.

Neno moja la kukumbuka mpaka mwisho: bluu hii inapenda uchachu na inachukia magadi. Chochote chenye tabia ya magadi, iwe sabuni ya unga, maji magumu ya kisima, au chokaa iliyotiwa kwenye karatasi kiwandani, kitaila. Ukilielewa hilo utajitatulia matatizo mengi bila kumuuliza mtu.

Vitu vya kutafuta

Dawa zinapatikana kwenye maduka yanayouza kemikali za maabara za shule. Ukifika uliza hivi: feri amonia sitrati ya *kijani*. Ipo pia ya kahawia, na kwa kazi yetu si nzuri. Ya kijani huja kama magamba madogo, na hufyonza unyevu wa hewa haraka sana. Hapa pwani ukiacha chupa wazi dakika chache inaanza kunata kama sukari guru. Potasiamu ferisianidi ni chembe nyekundu iliyokolea. Mara nyingi hawakuuzii gramu kumi, wanakuuzia kopo zima, kwa hiyo changisheni watu wanne au watano darasani mnunue pamoja. Kopo moja litawatosha mpaka mmalize chuo.

Vingine vyote ni vya kuokoteza: mzani mdogo wa kidijitali unaosoma gramu, mabomba mawili ya sindano ya mililita 5 kutoka duka la dawa (bila sindano yenyewe), chupa mbili za rangi ya kahawia za dawa ya kikohozi zilizooshwa, beseni mbili za plastiki, brashi pana laini isiyo na chuma kwenye shingo, vioo viwili vya fremu ya picha, vibanio vya nguo, glavu na barakoa. Brashi yenye pete ya chuma itakupa madoa ya bluu yasiyoelezeka, kwa sababu dawa inakula ile pete. Kama huna nyingine, izungushie utepe wa plastiki.

Jina "sianidi" lisikutishe, lakini lisikufanye mzembe pia. Kwenye potasiamu ferisianidi, sianidi imefungwa na chuma kwa nguvu, na kwa matumizi haya sumu yake ni ndogo. Hatari inakuja ukiichanganya na asidi kali au ukiipasha moto sana, kwani hapo inaweza kutoa gesi ya sumu. Siki iliyochanganywa na maji haina neno. Asidi ya betri na dawa ya kusafishia choo ziwe mbali kabisa. Vaa barakoa unapopima unga, na chombo kilichoingia kazi hii kisirudi jikoni hata kikioshwa mara mia. Kijiko changu kimoja nimekichora msalaba kwa rangi ya kucha ili dada yangu asije akakorogea uji.

Karatasi kwanza

Nilianza na manila, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Usianze na manila. Karatasi ya fotokopi nayo inachanika kwenye maji, na nyingi za siku hizi zimetiwa chokaa kidogo ili zisigeuke njano, na chokaa hiyo ndiyo adui tuliyemtaja. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba; ikiwa ya pamba tupu ni bora zaidi. Ni ghali, ndiyo. Kata A4 moja vipande vinne na ufanyie mazoezi yote kwenye vipande hivyo.

Kabla hujanunua karatasi nyingi za aina moja, ijaribu hivi. Paka kipande dawa, kikaushe gizani, kisha kioshe bila kukianika juani hata kidogo. Kinatakiwa kirudi cheupe. Kikibaki na ukungu wa bluu au wa kijani, karatasi hiyo inapigana na dawa na hakuna dakika za jua zitakazoirekebisha. Kipimo hiki kinachukua nusu saa, nami nilikichelewa kwa miezi miwili.

Kuchanganya dawa

Fomula ya kawaida ni hii:

Chupa A: gramu 25 za feri amonia sitrati ya kijani kwenye mililita 100 za maji.
Chupa B: gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 za maji.

Maji ya kuchanganyia yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena. Hapa kuna mtego wa lugha. Kwenye vituo vya mafuta na kwa mafundi wa magari, "maji ya betri" wengine wanamaanisha maji yaliyokenekwa ya kujazia, wengine wanamaanisha asidi yenyewe. Soma chupa. Kama haina maandishi, iache hapo hapo.

Tikisa mpaka vyote viyeyuke, andika tarehe kwenye chupa, na uziache hadi kesho yake. Zikiwa mbalimbali zinakaa miezi. Chupa A huota ukungu, hasa kwenye joto letu. Ni utando wa kijivu unaoelea juu kama kwenye chai iliyolala. Ichuje kwa kitambaa cha pamba kilicho safi na uendelee na kazi, dawa haijaharibika. Zikishachanganywa pamoja, uhai wake ni wa saa chache, kwa hiyo changanya kiasi cha kazi ya siku hiyo tu.

A4 moja inakunywa mililita 3 hivi: moja na nusu kutoka A, moja na nusu kutoka B. Ukifanya hesabu utaona hizo mililita 200 zinatosha A4 zaidi ya 60.

Kupaka

Huhitaji chumba cha giza chenye taa nyekundu. Chumba chenye pazia nzito na balbu moja hafifu ya njano kinatosha, au subiri usiku. Mimi napaka baada ya saa mbili usiku na umeme ukikatika natumia mshumaa uliowekwa mbali, wala haidhuru.

Bandika karatasi juu ya ubao kwa utepe pande nne. Vuta dawa kwa bomba la sindano, imwage mstari mmoja juu ya karatasi, kisha ipeleke kwa brashi kutoka kushoto kwenda kulia, halafu kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza. Rangi unayoitaka ni ya embe linaloanza kuiva, njano yenye kijani, iliyosambaa sawasawa na isiyo na madimbwi. Dimbwi likikauka linaacha fuwele, na bluu ya hapo itachubuka kwenye maji. Nilikuwa napaka sana nikidhani dawa nyingi ni bluu nyingi. Sivyo. Paka mara moja, acha ikauke, na ukitaka bluu nzito paka tabaka la pili jembamba.

Ikaushe gizani, mbele ya feni. Hapa pwani ikauke kweli, kwa sababu karatasi inaweza kuonekana kavu huku ndani ina unyevu, na unyevu huo utaing'ang'ania negativu yako na kuitia madoa. Mimi naiacha usiku kucha ndani ya kabati, naitumia asubuhi. Ukiiweka siku nyingi kwenye hali yetu ya hewa itaanza kugeuka bluu yenyewe hata gizani. Aliyeko Nairobi au Iringa, ambako hewa ni kavu zaidi, ana nafasi kubwa kuliko mimi.

Jani kabla ya picha

Najua unachotaka ni kuchapa picha uliyopiga. Subiri kidogo. Wiki ya kwanza fanya majani tu, kwa sababu jani haliharibiki, halihitaji printa, na linakufundisha kusoma rangi. Jani la mpapai linatoa umbo kubwa. Mwarobaini unatoa vijani vidogo vilivyopangwa kama meno ya kitana. Ua la rozela likikaushwa kitabuni linaruhusu mwanga kidogo upite, nawe unapata bluu za viwango mbalimbali ndani ya petali moja. Ukiwa na ndugu Paje au Jambiani, mwombe mwani. Hapo utakuwa unafanya kazi ile ile ya Atkins kwa mwani ambao akina mama wa Unguja wanaulima kwa kamba. Usuuze chumvi, ukaushe kwa kuukandamiza katikati ya magazeti, na uweke plastiki nyembamba angavu kati yake na karatasi.

Panga hivi: ubao chini, karatasi iliyopakwa, jani, kioo juu, vibanio pande zote. Jani lilale bapa. Likiinuka, mwanga unapenya kwa pembeni na ukingo wake unakuwa na ukungu. Kuna wanaoutaka ukungu huo, na una uzuri wake, ila uwe umeutaka mwenyewe. Kioo kiwe cha kawaida. Vioo vya mbele vya magari na vioo maalumu vya fremu za bei kubwa vinazuia urujuanimno, na utaanika mpaka jioni.

Kusoma rangi juani

Hapa ndipo wengi wanaitoa picha mapema. Karatasi inaanza njano ya kijani. Dakika moja mbili inakuwa kijani cha bahari, halafu bluu, na hapo moyo unakwambia imeiva. Haijaiva. Endelea. Bluu itazidi kuwa nzito, kisha itafanya jambo la ajabu: itaanza kupauka na kugeuka kijivu chenye mng'ao wa kutu, kama sufuria ya zamani iliyopigwa jua. Sehemu zilizo wazi kabisa zikifika kwenye kijivu hicho, toa. Maji yatairudisha bluu, na sehemu kubwa ya unachokiona juu ya karatasi wakati huo itaondoka na maji. Picha inayoonekana nzuri juani itakuwa hafifu ikishaoshwa.

Badala ya kukisia, fanya ukanda wa majaribio. Chukua kipande kirefu cha karatasi iliyopakwa, kifunike chote kwa kadibodi isipokuwa sehemu moja ya tano. Kila baada ya dakika mbili isogeze kadibodi uifunue sehemu nyingine. Baada ya dakika kumi utakuwa na ngazi tano, ya kwanza dakika kumi na ya mwisho mbili. Ioshe, ikaushe, ukae nayo. Tafuta ngazi ambayo kuongeza dakika hakukuongeza bluu tena. Hizo ndizo dakika zako.

Kwangu, jani chini ya kioo, saa sita hadi saa nane mchana bila wingu, ni dakika saba au nane. Saa tatu asubuhi ni karibu mara mbili ya hizo. Wakati wa masika, wingu likiwa zito, nimewahi kukaa dakika 40. Usizichukue namba zangu kama zilivyo, fanya ukanda wako. Wingu la hapa na pale ndilo baya zaidi, kwa sababu huwezi kulihesabu. Siku kama hiyo acha saa na ufuate rangi.

Andika. Daftari langu lina safu sita: tarehe na saa, anga, karatasi, dakika, maji, matokeo. Badili kitu kimoja kwa kila jaribio. Zile wiki zangu za kubadili dawa, karatasi na dakika kwa pamoja hazikunifundisha kitu, kwa sababu hata nilipopatia sikujua nimepatia wapi.

Kuosha

Sasa maji. Ya mvua ndiyo mfalme. Ukikinga kutoka bati, acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi, kisha kinga. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo ni laini. Chuoni kwetu kuna bomba la kiyoyozi nyuma ya maktaba linalojaza dumu la lita tano kwa siku, na sitakuambia lilipo. Maji ya bomba yanategemea mtaa. Ya kisima cha pwani, ambako chini kuna mawe ya matumbawe, mara nyingi ni magumu, na hayo lazima uyatie uchachu: siki nyeupe vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Nikikosa siki nakamua ndimu mbili na kuzichuja vizuri. Inafanya kazi, ingawa karatasi inanukia kachumbari kwa siku nzima.

Beseni la kwanza ndilo hilo lenye siki. Tumbukiza karatasi uso ukiangalia chini, itikise polepole. Utaona njano ikimwagika kama mawingu. Dakika mbili, kisha mwaga, weka maji mapya yasiyo na siki kama ni ya mvua, au yenye siki kidogo kama ni ya kisima. Badilisha mara tatu au nne mpaka maji yawe meupe na sehemu nyeupe za picha zisiwe na njano yoyote. Jumla dakika kumi zinatosha. Njano ikibaki, picha itaendelea kupiga bluu ukutani na weupe wako utakufa. Ukizidisha kuosha, zile bluu nyepesi za katikati zitakimbia. Usiende kula.

Bluu ya mwisho haionekani siku hiyo. Inakolea hewani kwa siku nzima inapokauka. Kama una haraka ya kuiona, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye duka la dawa, tia kijiko kimoja cha chakula kwenye lita ya maji, na utumbukize picha. Inaruka kutoka bluu ya shati la shule hadi bluu ya usiku kwa sekunde mbili. Haiongezi chochote ambacho hewa isingekileta, lakini kama kuna watu wanakutazama, ndiyo sehemu ya kuwaonyesha.

Kuchapa picha uliyopiga

Sayanotaipu haikuzi picha. Negativu lazima iwe na ukubwa wa picha unayoitaka, kwa hiyo tunaichapa kwenye plastiki angavu. Chagua picha yenye mwanga wa pembeni na umbo linalosomeka kwa mbali: dau lililopakiwa ufukweni, uso wa babu, nondo za jengo. Picha ya mtaa iliyojaa vitu vidogo vidogo itageuka uji wa bluu.

Kwenye kompyuta, programu ya GIMP ni ya bure na inatosha. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ibadili iwe negativu ili nyeupe iwe nyeusi, kisha igeuze kushoto-kulia kama kwenye kioo. Kuigeuza huko kuna sababu: upande wenye wino unatakiwa ugusane na karatasi ili mistari iwe mikali, na bila kuigeuza maandishi yatasomeka kinyume. Kwenye simu, Snapseed inafanya hayo pia. Humo, ili upate negativu, fungua mkunjo wa mwanga (Curves), vuta ncha ya kushoto mpaka juu na ya kulia mpaka chini.

Kisha nenda stesheneri na plastiki zako. Mwambie kijana wa pale achape kwa weusi mkubwa kabisa ambao printa inaweza. Hakikisha plastiki ni ya aina inayostahimili joto kama printa ni ya leza, vinginevyo itayeyukia ndani na mtagombana. Weusi wa leza mara nyingi hauzuii jua la kutosha, na sehemu zinazotakiwa kuwa nyeupe zinatoka bluu ya mawingu. Dawa yake ni kuchapa nakala mbili, kuzilinganisha juu ya dirisha mpaka macho ya mtu kwenye picha yakae juu ya macho, na kuzibana kwa utepe. Plastiki ikikosekana, chapa kwenye karatasi ya kawaida, ipake mafuta ya kula nyuma kwa pamba, futa yanayozidi na uiache kati ya magazeti usiku mzima. Inakuwa kama karatasi ya andazi na mwanga unapita. Utaona nyuzi za karatasi ndani ya picha, na dakika zitaongezeka sana, lakini kwa picha ya uso wa mzee zile nyuzi zilinipendeza kuliko plastiki.

Fanya ukanda mpya wa majaribio kwa ajili ya plastiki, maana hata sehemu yake iliyo wazi inakula mwanga. Halafu, kabla ya kuhangaika na picha moja moja, tengeneza mstari wa miraba 11, kuanzia nyeupe hadi nyeusi kwa hatua za asilimia 10, uuchape kwenye plastiki na uuanike. Tazama ni miraba ipi imeungana kuwa rangi moja. Kwangu miraba mitatu ya giza ilikuwa kitu kimoja. Nikarudi kwenye mkunjo nikaitenganisha, nikahifadhi mkunjo huo, na sasa naupaka kwenye kila picha. Huo mchana mmoja uliniokolea karatasi nyingi.

Magadi na chai

Adui akishajulikana anaweza kuajiriwa. Yale magadi ya kulainishia maharage yanaila bluu ya Prussia, na hilo lina kazi. Tia nusu kijiko cha chai kwenye lita ya maji, yakoroge yayeyuke yote, tumbukiza picha iliyokauka. Itapita zambarau, kisha itapauka kuelekea njano. Itoe kabla hujawa tayari kuitoa, kwa maana inaendelea hata ikiwa mkononi. Isuuze vizuri, halafu iloweke kwenye chai ya rangi iliyopikwa nzito, isiyo na sukari, ikiwa imepoa. Chuma kilichobaki kitashikana na tanini ya chai, na kwa muda wa nusu saa hadi saa mbili picha itarudi kahawia ya kuelekea nyeusi. Karatasi nayo itapata rangi ya chai, huwezi kuepuka. Ukiruka magadi na kutumia chai peke yake, bluu inakuwa nzito, karibu ya wino. Anza na picha zilizoungua kwa jua, zinavumilia.

Kwenye kitambaa nitasema kwa kifupi. Pamba tupu, amerikani au bafta, ichemshwe kwanza kuondoa wanga wa dukani. Paka kwa sponji, kausha, anika kwa muda zaidi kuliko karatasi, osha vile vile. Nguo hiyo usiifue kwa sabuni ya unga, narudia, ni magadi yale yale. Shampuu kidogo na maji baridi.

Kuitunza

Usiibandike kwenye kadi yenye chokaa wala ukuta uliopakwa chokaa mbichi, na usiitundike mahali jua linapoipiga moja kwa moja. Mwanga mwingi unaipausha. Hata hivyo bluu hii ina tabia ambayo picha nyingine hazina: ikipauka kwa mwanga, ukiiweka gizani kwenye hewa inarudi, kama si yote basi sehemu kubwa.

Niliiona kwa mama mwenye nyumba. Nilimpa picha ya dau, akaitundika sebuleni mkabala na dirisha. Mwezi wa pili akaniita kunionyesha, imepauka mpaka tanga halionekani, akanambia kwa upole kwamba zawadi yangu imekufa. Nikamwomba aiweke ndani ya kabati la nguo, juu ya kanga, asiifunge kwenye plastiki. Wiki tatu baadaye aligonga mlango wangu asubuhi mapema, picha mkononi, tanga limerudi. Akaniuliza kama na ile ya jani la mpapai, niliyoifua, nimeshajaribu kuiweka kabatini. Ile, mama, ilikuwa maji.